Kubisha Nchi Kavu

Chumba cha Boila, Hospitali
4 Machi

Mjomba wangu,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na kama inakukuta mgonjwa, basi natumai umekwisha kumlaumu Mama kwa hilo. Mpe salamu zangu. Mwambie soksi alizonitumia ni nzuri sana, ila humu ninamofanyia kazi soksi ni adhabu. Upande mmoja wa ukuta kuna boila yangu, upande wa pili wanafua shuka za wodi zote, na dirisha pekee tulilo nalo limekuwa jeupe kwa mvuke mpaka nimesahau linatazama wapi. Mvuke huohuo ndio unaochemsha vifaa vya chumba cha upasuaji. Ukikatika, daktari anakaa na glavu zake mikononi akitungoja sisi, na anayengoja hivyo huwa hana maneno mazuri.

Nadhani umekwisha kujua ninaelekea wapi. Likizo yangu imesogezwa tena. Mwezi huu anakuja mkaguzi, mwezi ujao tunabadilisha mabomba, na baada ya hapo wanasema Septemba. Mwaka jana pia walisema Septemba, ila hawakusema ya mwaka gani.

Mbishi hajambo? Nilipoondoka mshono wa tanga ulikuwa umeanza kufumuka karibu na mlingoti. Ninaifikiria mashua ile kila ninapogeuza vali. Fundi mwenzangu ameniuliza ni kwa nini chombo kina jina la mtu mgomvi. Nikamweleza kwamba tuliiunda wawili, wewe na mimi, ule mwaka niliomaliza shule nikawa nangoja chuo. Nikamweleza pia maana ya kubisha majini: upepo ukikujia usoni, huendi moja kwa moja; unaukata mshazari, kushoto, kisha kulia, mpaka unafika kulekule ulikokatazwa. Mashua yetu inabisha vizuri kuliko zote za gati lile. Sikumweleza kwamba Mama alilikubali jina kwa sababu alisema imefanana na walioiunda.

La mwisho, na usicheke. Kuna kitu ninaunda hapa. Kina tanga. Maji hakina.

Mpwa wako anayetoka jasho,
Fundi wa boila


Kibandani, penye viatu
22 Machi

Kwa Bibi Birika,

Barua yako imefika imekunjamana kama abiria aliyekalia mizigo. Sisi huku hatujambo. Mama yako anakusalimu, ingawa mimi na yeye hatusemezani tangu Jumanne kwa ajili ya kofia yangu. Ameifua kwa maji ya moto na sasa inamtosha mtoto wa jirani. Nilipolalamika akaniambia kichwa ndicho kilichokua. Dada mkubwa huwezi kumshinda; unanyamaza tu na kuvaa kofia inayokubana.

Kazi ya viatu ipo. Daktari wa meno ameleta jozi yake ile nyeusi kwa mara nyingine na kuniambia kazi yangu ni ghali. Nimemjibu kwamba yeye hutoza kwa jino moja, mimi nimemtoza kwa miguu yote miwili. Alicheka, na ana meno mazuri, hilo siwezi kumnyima.

Kuhusu likizo, sina la kusema. Birika lako haliwezi kukaa peke yake, na mimi si mtu wa kushindana na birika. Wagonjwa kwanza. Hata hivyo, ningependa mtu anieleze ilikuwaje binti aliyekuwa hatoki majini mpaka aitwe na mtaa mzima akaenda kutafuta kazi mahali ambapo maji yote yako ndani ya chuma.

Mbishi yupo. Anakusalimu. Mshono nimeuona.

Hicho kitu unachounda, chenye tanga na kisicho na maji, sijakicheka. Nimemwomba Mama yako acheke kwa niaba yangu, kwa kuwa wakati ule tulikuwa bado tunasemezana.

Nisamehe kwa herufi hizi zinazoteremka. Meza imepungua mguu.

Mjomba wako


Chumba cha Boila
19 Aprili

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa kofia. Mimi sijambo. Mabomba mapya yamefungwa, mkaguzi amepita, amegongagonga kila kitu kwa nyundo yake ndogo na kuondoka bila kutusifu, jambo ambalo kwake ni sifa.

Sasa nikueleze kitu changu. Nyuma ya hospitali, ukivuka uzio, kuna uwanja wa ndege wa zamani ambapo hakuna ndege iliyotua tangu niajiriwe. Lami yake imepasuka hapa na pale, lakini ni pana na upepo unapita bila kizuizi. Stoo walikuwa wanatupa vitoroli vya nguo chafu vilivyovunjika, nikaomba magurudumu. Wakaniuliza ya nini. Nikasema ya mazoezi. Nimeunganisha fremu, nimesimamisha bomba la zamani liwe mlingoti, na tanga nimelishona kwa shuka za wodi zilizotolewa kwenye matumizi. Bado zina mhuri wa hospitali, kwa hiyo kigari changu kikipita mbali mtu anaweza kusoma WODI YA WAZAZI.

Anayenisaidia kusukuma ni fundi mwenzangu, ambaye hapa wote wanamwita Kimya. Walimpa jina hilo kwa sababu hajawahi kunyamaza. Ana mke na watoto wanne, na nadhani nyumbani hapati nafasi ya kusema, ndiyo maana anayaleta yote kazini.

Tumekijaribu Jumapili tatu. Upepo ukiwa mgongoni kinakwenda, Mjomba, kinakwenda hadi macho yanatoa machozi. Lakini kurudi hakirudi. Nikijaribu kuukata upepo, gurudumu la mbele linateleza pembeni na nimesimama. Basi tunakisukuma njia nzima mpaka tulikoanzia, na Kimya anasema njia nzima. Anasema hajawahi kuona chombo cha starehe kinachofanana hivi na kazi.

Sasa zamu yako. Hiyo meza yako ilipungua mguu Desemba, Januari ikapungua mguu, na Machi bado. Fundi kama wewe huna kipande cha mbao? Na jingine. Zamani barua yako ilianza na upepo, kisha ndipo ukakumbuka kuniuliza hali. Ulivuma kutoka wapi, uliinua mawimbi kiasi gani, nani alilowa. Barua ya mwisho haina hata pumzi moja. Ni nani anayekushikia kamba ya tanga siku hizi?

Mhandisi mkuu aliniita ofisini juzi. Mengine nitakueleza yakikaa sawa.

Wako,
Msukuma kigari


Kibandani
10 Mei

Mpwa wangu,

Salamu za hapa ni nyingi na zote ni nzuri. Kofia nimempa mtoto wa jirani, Mama yako amenunua nyingine, amani imerudi. Mwenye duka anakusalimu. Anasema ukipiga simu pale dukani usiwe na haraka hivyo, kwa maana yeye ndiye anayebeba ujumbe wako na ana foleni ya wateja. Nimemwambia asijisumbue. Unajua ninavyoiona simu. Ni chombo cha kumsikia mtu kabla hajafikiri.

Kigari chako kimenifurahisha. Nilimsomea Mama yako mpaka mahali pa WODI YA WAZAZI, akacheka mpaka akakaa chini. Gurudumu linateleza kwa kuwa wewe umekaa nyuma mno. Majini usukani uko nyuma, na wewe hukaa nyuma. Lakini hapo usukani wako uko mbele. Sogea mbele, ulikalie gurudumu lile. Hilo ndilo somo pekee ninaloweza kukupa kutoka huku.

Sasa nina jambo. Mama yako amenidokeza, na usimkasirikie maana alishikilia siri hiyo kuanzia asubuhi mpaka chakula cha mchana, kwamba wanataka kukufanya mkuu wa boila zote. Hongera. Sikushangaa. Mkuu hana likizo ndefu, hilo pia nalijua bila kuambiwa.

Daktari wa meno anaitaka Mbishi. Hataki kusafiri nayo. Anataka kuiweka bustanini, aijaze udongo, apande maua. Anasema itapendeza ikiwa na maua mekundu. Mimi naona si vibaya. Chombo ambacho hakina wa kukiendesha ni mbao tu, na mbao zinaoza. Sitaki uwe unageuza vali huku moyo uko gatini. Kazi hiyo yataka mtu mzima, si nusu mtu.

Mashua ni yetu wawili, kwa hiyo siuzi bila neno lako. Ukikubali, andika. Ukibisha, nijulishe kabla ya mwezi kwisha, maana daktari amekwisha kuchimbisha mahali pa kuiweka.

Meza iko palepale.

Mjomba wako


Chumba cha Boila
28 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Natumai hamjambo wote. Huku tuko salama.

Barua yako ya tarehe kumi imenifikia jana tu. Nimeisoma wakati wa mapumziko, nikaisoma tena jioni.

Ni kweli kuhusu cheo. Mhandisi mkuu anasema mkuu wa sasa anastaafu na hakuna mwingine anayezijua boila zote tatu. Kuna nyumba inayoambatana na kazi hiyo, ina vyumba viwili na bomba ndani. Kuna watu wa kuwaongoza. Na kwa miaka miwili ya mwanzo hakuna kuondoka zaidi ya siku chache. Nilikuwa nataka kukuambia mwenyewe, nikawa natafuta namna.

Umesema kweli kwamba chombo kisicho na wa kukiendesha ni mbao tu. Na wewe huwezi kuendelea kuitunza kwa ajili ya mtu anayeahidi Septemba kila mwaka. Uza. Mwambie daktari aondoe tanga kwanza, asilizike pamoja na udongo. Tanga ningelipenda, kama hana haja nalo.

Salamu zangu kupitia dukani ulizipata? Siku ile nilikuwa na furaha sana na barua yako nilikuwa bado sijaipata. Leo nikikumbuka nilivyopiga kelele naona haya.

Mpwa wako


Kibandani, asubuhi, kabla ya mteja yeyote
2 Juni

Ewe mpwa usiye na adabu,

Hatujambo, wala usituulizie, tuko wazima kabisa. Mama yako ameimba tangu alfajiri.

Ujumbe wako umefika. Mwenye duka alikuja mwenyewe mpaka kibandani, ameacha wateja, akaniambia: "Mpwa wako anasema amebisha. Amebisha kweli. Na alikuwa anapiga kelele."

Nikamuuliza kama ulisema neno jingine. Akasema simu ilikatika, lakini sauti ilitosha.

Mimi nilitegemea barua. Nilitegemea "Mjomba mpendwa, baada ya kufikiri kwa kina." Sikutegemea mtu atakayekimbilia simu na kunikatalia mbele ya watu wanaonunua sabuni. Basi nikavua aproni, nikafunga kibanda, nikaenda kwa daktari wa meno. Nilimkuta na mkono ndani ya mdomo wa mtu. Nikamwambia papo hapo kwamba mashua haiuzwi, mwenzangu amebisha. Alisikitika, na yule mgonjwa alijaribu kusema neno lakini hakuweza. Jioni ileile daktari akanunua mtumbwi wa mvuvi mmoja aliyeacha kazi, na sasa umekaa bustanini kwake umejaa udongo. Kwa hiyo njia hiyo imefungwa, kwake na kwetu.

Nilikuwa nimejiandaa kukuambia kwamba ni uamuzi wa busara ukikubali kuuza. Maneno nilikwisha kuyapanga. Sasa nimebaki nayo na sijui niyapeleke wapi. Natembea nayo hapa kibandani huku nikipiga mluzi.

Kwa hiyo hukubali. Vizuri. Nataka kujua tu, kwa kuwa umekataa kwa kelele hivyo, una mpango gani?

Mjomba wako aliyeaibishwa hadharani


Chumba cha Boila
20 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Kaa chini kwanza, kwenye kile kigoda, si kwenye meza inayopungua mguu.

Mimi sikubisha. Yaani nilibisha, lakini si vile.

Jumapili ile nilifuata somo lako, ambalo Mama alikuwa amenidokeza kwenye simu kabla barua yako haijafika. Nilisogea mbele, nikalikalia gurudumu. Upepo ulikuwa unanijia usoni kutoka mwisho wa uwanja. Nikavuta kamba, nikaelekeza kigari mshazari, na badala ya kuteleza kikashika lami. Kikaenda. Nilipofika ukingoni nikageuza, tanga likapiga upande wa pili, kikashika tena. Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Nikafika mwisho wa uwanja, Mjomba, dhidi ya upepo, juu ya magurudumu ya nguo chafu. Kimya alinyamaza. Nakuapia, alinyamaza mpaka nikarudi. Nikakimbilia simu ya lango, Mama hakuwepo dukani, basi nikamwambia mwenye duka akuambie nimebisha, nimebisha kweli. Nani mwingine ningemwambia? Hapa neno hilo wanalijua la ugomvi tu. Nikasahau kwamba hata hapo dukani wanalijua hilohilo.

Barua yako ya kuuza ilikuja wiki moja baadaye. Nikaandika "uza". Bila shaka sasa umeipata. Niliiandika ndani ya chumba cha pampu ili Kimya asinione usoni, na nikaitia sanduku la posta kabla sijabadili mawazo. Kisha barua yako ya mluzi ikafika, nikaisoma nimesimama katikati ya wafuaji, nikacheka mpaka msimamizi wao akauliza kama kuna bomba limevuja.

Kwa hiyo umemfukuza mnunuzi kwa neno ambalo sikulisema. Sijui nikushukuru au nikuombe radhi.

Lakini nimekaa nikawaza. Mtu anayetaka kuuza kwa busara, akikatazwa, hapigi mluzi. Wewe hukutaka kuuza. Sasa kwa nini ulileta shauri lile? Si kwa ajili ya cheo changu tu. Cheo ulikisikia Mei, na herufi zako zilianza kuteremka Desemba. Nilimuuliza Mama kwenye simu. Akasema, "Muulize mwenyewe, mimi nimeapa," na hapo nikajua kuna la kuapia.

Niambie, Mjomba. Mkono una nini?


Kibandani
9 Julai

Mpwa wangu,

Salamu. Sote tupo. Mwenye duka amekataa kabisa kubeba ujumbe wowote tena bila kuandika, na ananunua kalamu kutoka kwake mwenyewe.

Barua yako ya "uza" ilifika kwanza, kabla ya ile ya kicheko. Niliisoma, nikaikunja, nikaisahau ndani ya kiatu cha mteja, nikaitafuta siku nzima. Sikuelewa. Binti amebisha kwa mdomo na amekubali kwa kalamu. Ningeweza kumrudia daktari wa meno. Bustani yake ina nafasi ya mashua nyingine hata tatu. Sikumrudia. Nilijiambia nangoja ufafanuzi.

Meza ni nzima. Ni bega la kulia. Mwaka jana mwishoni nilivuta nanga vibaya, likalia kama kiatu kipya, na tangu hapo mkono haupandi juu ya kifua. Viatu naweza, maana kiatu kinakaa mapajani. Kamba ya tanga siwezi. Sijaenda majini tangu siku ile. Mbishi yuko juu ya nchi kavu chini ya turubai, na kwa kuwa hajalowa kwa miezi yote hii, mbao zimekauka zimeachana. Ukiingiza kidole kwenye kiungo kinapita.

Sikukuambia kwa sababu najua ungekuja. Ungeacha birika, ungepanda basi, ungefika hapa na koti lako la kazi. Halafu ningekuwa mjomba aliyemkosesha mpwa wake cheo kwa ajili ya bega. Nikaona afadhali iuzwe wakati wewe ungali unaikumbuka ikiwa nzima, kuliko uione hivi ilivyo.

Fundi mmoja wa mashua ameitazama. Anasema ikirudishwa majini mwaka huu, kabla ya miezi ya kiangazi kuanza, mbao zitavimba na kushikana. Ikipita kiangazi kingine juu, basi tumpe daktari bure.

Sikuombi kitu. Nimeeleza hali tu, kama ulivyoniagiza. Kichukue cheo hicho. Nyumba yenye bomba ndani si jambo la kuchezea, na Mama yako amekwisha kuchagua rangi ya mapazia.

Ila umebisha nchi kavu. Nimemweleza kila aliyeleta kiatu.

Mjomba wako, mwenye mkono mmoja na nusu


Chumba cha Boila
2 Agosti

Mjomba mwongo,

Shikamoo hata hivyo. Umenidanganya kwa kutumia meza, meza isiyoweza kujitetea. Tutalizungumza hilo ana kwa ana.

Nilikwenda kwa mhandisi mkuu Jumatatu. Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri, nimeyaandika kwanza, lakini nilipoingia karatasi ikabaki mfukoni. Nikamwambia cheo nakitaka. Boila zile nazijua, nazipenda hata zinaponiunguza, na sitaki mtu mwingine aziharibu. Nikamwambia pia kwamba mwezi wa Septemba nitakuwa majini, mwaka huu na kila mwaka. Akanitazama kama mtu aliyeombwa kuzima umeme wa hospitali. Akaniuliza ni nani atakayezitunza boila mwezi mzima. Nikasema Kimya. Akasema Kimya si mkuu. Nikasema mfanye mkuu pamoja nami, cheo kimoja watu wawili.

"Boila haiwezi kuwa na wakuu wawili," akasema.

"Boila haiwezi," nikamjibu, "lakini mwaka una miezi kumi na miwili, na mimi naomba mmoja."

Aliniambia nitoke nje. Nilikaa kwenye benchi la ukumbini pamoja na wagonjwa wa miguu, nikidhani nimekosa vyote viwili. Mmoja wao akaniuliza ninaumwa nini, nikamjibu Septemba. Baadaye mhandisi akaniita. Amekubali, kwa masharti. Posho ya ukuu tutagawana, na nyumba ni moja tu, haigawanyiki. Nimeiacha kwa Kimya. Ana watoto wanne na mimi nina masanduku mawili. Nabaki kwenye chumba changu kilekile mkabala na dobi. Mwambie Mama awape mapazia wenye nyumba. Nadhani atakasirika wiki nzima, mnunulie kofia.

Sitakudanganya kwamba sikuipita nyumba ile jioni moja na kuitazama. Bomba lake linatoa maji vizuri.

Kimya alipopata habari alizungumza mfululizo mpaka zamu ikaisha. Anazifahamu vali zote, na sasa anazihutubia.

Nafika tarehe tatu Septemba. Usiiguse turubai, usiinue kitu. Na ukinipokea na mzigo wangu mkononi nitarudi kwa basi lilelile.

Mpwa wako, nusu ya mkuu


Nyumbani
12 Oktoba

Kwa mpwa wangu,

Anayeandika ni mama yako, anayesema ni mjomba wako. Daktari wa mifupa uliyempeleka kwake kwa kumshika kola amemfunga mkono kifuani na kumkataza hata kalamu. Nitaandika anayosema, na panapohitajika nitasahihisha.

Anasema hajambo na bega halimuumi. (Linamuuma.) Anasema anakula vizuri. (Hili ni kweli.) Ametaka kujua kama boila zimekupokea, na kama Kimya amepoteza sauti.

Anasema tangu uondoke hajakuambia lolote kuhusu ule mwezi, kwa sababu gatini mlikuwa na kazi nyingi na watu walikuwa karibu. Zile siku za kwanza, mlipoizamisha Mbishi hadi ukingoni ili mbao zinywe, na wewe ukakaa gatini umekunja suruali ukiingojea, alidhani haitafunga. Alikuwa amekwisha kutafuta maneno ya kukufariji. Ana akiba kubwa sasa ya maneno asiyoyatumia.

Anasema hakupenda kuwa abiria. Amekaa katikati ya chombo chake mwenyewe kama gunia, anayatoa maji kwa kopo kwa mkono wa kushoto, na ulipogeuza tanga mara ya kwanza ukamwambia ainamishe kichwa. Ulisema kwa ukali, bila kumtazama, vile inavyopasa. Aliinamisha. Anasema alipokuwa ameinama hivyo hakutaka kuinuka upesi. (Hakunieleza ni kwa nini na mimi sikumuuliza.)

Mbishi amefungwa gatini, anaelea, havuji ila kidogo karibu na mlingoti. Mtoto wa fundi wa mashua humwagia maji na kumzungusha kila Jumapili, mjomba wako akiwa amesimama ukingoni anatoa amri ambazo hakuna aliyeziomba.

Jumapili iliyopita alipita msimamizi mpya wa gati na daftari lake, anaorodhesha vyombo. Akamwona huyu amefungwa mkono, akamuuliza kama mashua ile ina mwenyewe, au imeachwa. Mjomba wako ananitaka niandike sawasawa alivyomjibu, nisiongeze wala nisipunguze. Alimwambia aandike kwamba nahodha wake yuko kazini.